Daftari la Pili

Shule ya kwanza ilimpa Ngumbao
sifuri arobaini na moja kwa muhula mmoja,
zote nyekundu, zimepangwa mstari
kama mayai ya kuku asiye na nia ya kuatamia.
Ya arobaini na mbili mwalimu mkuu hakuiandika.
Alimwita mama mtu, akamsomea methali:
asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.
Mama, aliyeomba ruhusa ya saa moja
kwenye hoteli anakofua mashuka,
akaitikia, "Ndiyo, mwalimu," akaondoka na mwanawe.
Mimi hadi leo najiuliza
huo ulimwengu ulisomea ualimu wapi.

Huku kwetu Maweni tunaanza saa kumi alasiri,
mabati yakishapoa kidogo,
machimbo yakishalipa vibarua wake.
Banda lilikuwa la wachongaji vinyago.
Wageni walipopungua Malindi, wachongaji walihama,
wakatuachia harufu ya muhugu na twiga mmoja
ambaye hakumaliziwa masikio.
Ubao wetu unamwegemea yeye.
Anayekosa jibu humgeukia: "Haya, sema wewe."

Nina madaftari mawili.
La kwanza ni la waliokuja; hilo halinipi kazi.
La pili ni la wasiokuja, na mahali walipo:

Kitsao: maegesho ya kasino, anaosha magari.
Nyevu: analea mtoto. Mtoto ni wake.
Mwaringa: amelala. Ameshinda juu ya minazi ya watu, anagema.
Thoya: sijui.
Thoya: sijui.
Thoya: ameonekana kwenye lori za Garsen. Sijui.

Jioni navaa ndala, naifuata orodha.
Simkamati mtu.
Nikimkuta Kitsao nachukua kitambaa cha pili,
tunasugua kioo cha tajiri, yeye upande huu, mimi ule.
Namuuliza: magari tisa, shilingi hamsini kila moja,
askari wa geti ukimpa theluthi yake,
wewe unabaki na ngapi?
"Mia tatu," anasema kabla povu halijakauka,
"na huyo askari ni mwizi."
Hesabu sahihi. Uraia pia sahihi.

Ngumbao alikaa miezi mitano bila kuandika neno.
Mikono iliyopasua mawe tangu alfajiri
hushika kalamu kama kifaranga:
akibana, kinakufa; akilegeza, kinatoroka.
Sikumharakisha.
Lori zima la matofali alilihesabu kwa macho, asikosee hata moja.
Hilo alilijua zamani,
ila hakuna aliyewahi kumuuliza.

Masika yakaingia, na malaria nayo.
Nililazwa siku tatu, sikumwambia mtu.
Ningemwambia nani?
Siku ya pili, saa ya kutazama wagonjwa imeshapita,
nikasikia mlinzi anagombana na watu mlangoni,
sauti ya Nyevu juu ya zote,
na mtoto wake analia kwa kumsaidia.
Waliingia sita, vumbi jeupe hadi kwenye kope.
Ngumbao amelikumbatia daftari la pili
kama mtu aliyeliokoa motoni.
Akalifungua juu ya shuka langu.
Chini ya Thoya, kwa herufi zilizokandamizwa
hadi karatasi ikatoboka:

Mwarimu: hayupo. Tunamutafuta.

R mahali pa l. Na u moja ya ziada,
imesimama pale kama mgeni aliyekosa kiti.
Kalamu nyekundu ilikuwa mkobani, karibu na mkono wangu.
Ilibaki mkobani.

Kitsao akadai nauli ya pikipiki mbili.
Nikampa noti. Akanirudishia chenji,
akaihesabu kwa sauti ili wodi nzima isikie.

Jumatatu nikarudi bandani, miguu bado mizito.
Nikaandika tarehe mpya.

Thoya: sijui.