Hema Lenye Kitanda

Tangazo lilisema: kambi, lakini kwa raha zake.
Kitanda cha mbao, zulia, jiko la chuma lenye dohani,
na ukimya. Neno hilo walilikoleza wino.
Ukimya wa siku mbili
kwa bei ya viatu vyetu vya mwaka mzima.

Tulifika Ijumaa, mvua ya Wales imetutangulia
kama mgeni aliyekwisha kuvuta kiti.
Gethin akapigana na kuni mbichi hadi machozi yakamtoka;
moshi haujui nani amelipia.
Macsen, mwaka na nusu, akaokota kaa,
akalimung'unya kama peremende,
akatuchekea kwa meno meusi.
Mabli akarukia kitanda na buti zake,
na matope ya kutosha kupanda viazi.

Na ukimya?
Ng'ambo ya ukuta wa mawe kondoo walianza.
Sauti nene upande huu wa bonde,
sauti nyembamba upande ule,
wito na itiko, wito na itiko,
wala hazikutani.

Bi Eluned, mwenye shamba, alikuja na mayai.
"Mtuwie radhi. Jana tumewaachisha ziwa.
Siku tatu, nne hivi, basi. Watasahau."
"Nani watasahau?" akauliza Mabli. "Watoto, au mama zao?"
Bi Eluned akafunga geti kwa kamba ya buluu,
akarudia fundo,
akasema mayai ni ya leo asubuhi.

Saa nane usiku, kidole baridi shavuni mwangu.
Mama, mkojo.
Koti juu ya nguo za kulalia, tochi,
hatua arobaini na mbili (tulizihesabu) hadi choo cha mbao
ambako badala ya maji unamwaga vumbi la msumeno.
Alimwaga kopo moja, la pili, akaomba la tatu.
Konzi iliyobaki akaitia mfukoni mwangu.
"Akiba," akasema.

Tukirudi, akasimama getini.
Sare yake ilikuwa nyumbani, imekunjwa juu ya kabati,
mikono ya sweta ikipita vidole vyake.
Jumanne ndiyo siku.
Kiangazi kizima hakuwa ameuliza neno,
nami nilijidai ni kwa sababu hajali.

Akapenyeza mdomo kati ya vyuma, akaita:
Meee.
Na kule gizani, kitu kidogo kikamjibu.
Kikamjibu tena, karibu zaidi.
Akanigeukia, macho kama sahani.
"Amedhani mimi ndiye. Nimemdanganya?"
Mvua ilikuwa inaniingia shingoni.
"Hujamdanganya. Umemwitikia tu."
Hakuonekana kuridhika. Hata mimi.

Jumamosi jua lilitoka kwa saa moja.
Gethin akateleza mtoni na soseji zote,
tukagombana nani alisahau soksi,
nyigu akala jemu kuliko sisi sote.
Picha tulizopiga siku hiyo
zinaonyesha watu wenye furaha, na si uongo.

Jumapili bonde likanyamaza.
Hapo ndipo nilipousikia ule ukimya tulioununua,
na sikuutaka.
Kondoo mmoja tu alibaki kando ya ukuta:
anakula, anainua kichwa, anakula.
Tulipakia gari. Macsen alilia kuliacha kaa lake.
Kilima cha tatu, Mabli akauliza,
"Yule mmoja, atasahau lini?"
Baba yake akaongeza kasi ya vifuta kioo.

Jumanne, saa tatu kasoro dakika kumi.
Akaingia na mkoba mkubwa kuliko mgongo,
hakugeuka.
Kina mama wengine wakaanza kuondoka,
mmoja akaniuliza habari za safari.
Nikasema palikuwa na kitanda kizuri sana.
Mkono wangu ulikuwa mfukoni,
vidole ndani ya vumbi la mbao.