Sina Haraka Yapanda Nyumbani

Maji ya bamvua hayamngoji mtu amalize chai.
Alfajiri, pale Amu, tulikuwa tumeshaung'oa mlingoti,
tumelikunja tanga kama shuka la mgonjwa,
na mawe ya farumi tumeyashusha moja moja,
mimi nikihesabu, Lali akilalamikia mgongo.

Fundi wa mjini alitaka elfu arobaini kabla ya kushika tezo.
Basi, twende Matondoni. Kwetu hatulipii uwanja.

Famau akatufunga nyuma ya boti yake ya mashine.
Njia nzima nafua ngama kwa kopo la maziwa ya unga:
natoa kopo, laingia kopo.
Sina Haraka, ndilo jina alilolipaka baba ubavuni,
na siku ile haikuwa nayo kweli,
ila ya kuzama.

Ufuoni, magogo ya mnazi, yamepakwa oili chafu.
"Ndooni!" Wakaja: watu wa msikitini, watoto wa chuoni,
mwalimu Swabra, buibui kalifunga kiunoni.
Haya! Hatua.
Haya! Nusu hatua.
"Bado kidogo," anasema Lali. Alisema hivyo mara thelathini,
na uongo ule ulituvuta kuliko kamba.

Kwenye kona ya Mwanamize omo ikakwama.
"Ukuta huu nimeupiga lipu mwezi jana,"
akasema, akiutazama ubao, akiutazama ukuta.
Kisha akaanua nguo zake zote kambani
akaleta bega.
Lipu ilibanduka. Anatudai mfuko wa saruji.

Adhuhuri imelala ubavu uani, kando ya banda la mbuzi,
kubwa kuliko nilivyoijua majini.
Tukakwangua mwani na chaza mpaka viganja vikatoka damu.
Nikachoma kisu kwenye mbao za chini:
kikaingia kama kwenye muhogo uliochemka.
Hapa. Na hapa. Hapa pia.
Kisha kikagota.

Kiraka. Mti mgumu, mweusi,
wekundu wa rangi bado umejificha ukingoni,
na nusu ya ua lililochongwa kwa mkono.
Mfumbati wa kitanda.

Nilikuwa na miaka saba tulipoambiwa
kitanda kile kimeliwa na mchwa.
Mama akaanza kulala mkekani,
na mashua, wiki ile ile, ikarudi kuvua.

Lali kashika patasi. "Tukitoe?"
Mbao zote za jirani zimeoza, chenyewe kizima.
Nikamzuia mkono.

Mama akatoka na birika, akaliweka chini.
Akainama, akapitisha kidole juu ya lile ua
kama mtu anayekagua vumbi.
Tukangoja aseme neno.

"Pamba yenu kavu," akasema.
"Itieni sifa kwanza."