Arobaini ya Mwamvua

Nilijifunza kupika kwa masikio.
Mama alikuwa ndani, siku ya sita ya uzazi,
kanga kiunoni, mtoto kifuani,
na jiko lilikuwa uani, mafiga matatu na bati,
na kati yetu dirisha lisilo kioo,
wavu tu, uliotobolewa na paka.

Shangazi wa Kasulu alikuja, akaugua, akarudi.
Baba alikuwa Kibirizi akishusha magunia.
Dada sikuwa naye;
dada ndiyo kwanza alikuwa kifuani.
Nilikuwa na miaka tisa.

"We Yasini! Umeshawasha?"
"Nimewasha."
"Muongo. Sijasikia kuni zikilia."

Alisikia kila kitu.
Alisikia mawese yakiwa bado mabichi:
"Hayo yanaguna. Ngoja yanyamaze.
Yakinyamaza ndipo utie kitunguu."
Nikainamia sufuria kama anayesubiri majibu ya mtihani.
Wekundu ukapauka, moshi ukanipanda machoni,
na mafuta, kweli, yakanyamaza.
"Sasa," ukasema ukuta.

Migebuka mitatu ya Bi Tausi wa sokoni,
ya jana, aliapa, lakini ya jana jioni.
"Pasua tumbo. Taratibu.
Kuna kitu cha kijani, kidogo kama njegere.
Hiyo ndiyo nyongo. Usiiguse."

Niliigusa.
Sikusema. Nilidhani harufu ndiyo hupita dirishani,
siri haipiti.

Ugali wa muhogo ni ugomvi.
Nilibana sufuria kwa vijiti viwili, nikavikanyaga,
mwiko ukanivuta huku, unga ukanivuta kule.
"Unasonga au unapapasa?"
Waliokuwa bombani kwa kina Ndayizeye
wakachungulia juu ya ua wa mabua:
Mtoto wa kiume! Ndevu hazitaota!
Mama akawajibu kabla yangu, akiwa kitandani,
maneno nisiyoweza kuyaandika hapa.
Bomba likanyamaza kama mawese.
(Ndevu ziliota. Nanyoa mara mbili kwa wiki.)

Usiku Baba alikaa mkekani,
akamega, akachovya, akatafuna.
Akatafuna muda mrefu.
Akamtazama mgebuka, akanitazama mimi,
akaongeza chumvi, akamega tena.
Mpaka leo sijui kama alikuwa anakula
au ananilea.

Mama alikula yote, uchungu na madonge,
akalamba kidole.
"Kesho," akasema, "ukipasua nyongo uniambie."

Zikabaki siku thelathini na nne.
Nikajua mchanga unavyojificha ndani ya dagaa,
nikajua kisamvu hakina haraka na mtu,
na chumvi ya Uvinza haisubiri uitie mara ya pili.
Siku ya arobaini Mama akatoka nje,
akasimama mlangoni mwa jiko,
akauangalia mwiko mkononi mwangu.
Hakuuomba.
Akavuta kigoda, akakaa upande wa moshi,
akanyonyesha.

Leo jiko langu ni la gesi, huku Gungu,
linawaka bila kulia, halina la kusikiliza.
Mama ana mwaka wa tatu makaburini.
Bado nikibandika mawese
nageuza sikio upande wa ukuta,
na ukuta wa watu ni tofali na rangi ya maziwa,
hausemi sasa, hausemi bado.
Nakisia mwenyewe. Mara nyingine napatia.

Ijumaa huja Mwamvua na wanawe wanne,
hujitapa mbele yao:
"Bahati yangu, kaka, ule ugali wako wa kwanza
mimi sikuula."

Uliula, namwambia.
Uliunyonya usiku na mchana,
madonge yake, moshi wake,
na yule mgebuka pia, na nyongo yake.
Unadhani huo mdomo ulitoka wapi?

Watoto wanacheka mpaka mmoja anapaliwa.
Yeye anaonja mchuzi kwa ncha ya kidole,
anatazama dari,
anasukuma sahani mbele.
Chumvi, anasema, haijakolea.