Mbwa wa Boneti

Ijumaa, watu wakishatoka msikitini,
wengine hubeba makaa na mbuzi wakaenda wadini.
Sisi tunakuja Firq, nyuma ya mafundi wa radieta,
kanzu kuukuu, birika la kahawa, tende ndani ya mfuko,
kulitazama lori.

Maki. Jina la kiwanda cha Marekani,
lakini Kiswahili nacho kina haki yake humo:
gonga mlango kwa kifundo cha kidole
usikie chuma chenye maki kinavyojibu,
si mabati ya siku hizi, ukiegemea yanabonyea.

Ukipenda boga, penda na ua lake.
Sisi tumependa mpaka kutu.

Lilishushwa bandarini mwaka wa sabini na nne,
likavuta mabomba mpaka Fahud,
likavuta na mnara wa kuchimbia, umelazwa chali
kama ngamia anayepelekwa kwa tabibu,
mchangani, pasipo barabara, mwendo wa mtu mzima.
Dereva, marehemu Suleyum bin Mbaruk,
alikuwa na gia mbili, kila moja na rungu lake;
alipitisha mkono wa kushoto ndani ya usukani
akazibadili zote mbili kwa pumzi moja.
Muhenna hutusimulia hayo kila wiki,
na kuyaigiza, na kujigonga kiwiko.
Muhenna ni karani wa benki. Alikuwa hajazaliwa.

Pampu ya dizeli ilitufikia kwa posta
kutoka kwa mkulima mmoja wa Ohio,
kaifunga kwa shati lake la drafti.
Hilali aliikumbatia, mwalimu mzima wa hesabu.
Zarwali, fundi wetu, mtu wa Peshawar,
alifuta mikono akauliza:
"Mnalipa, au mnalia?"

Kila kitu tulipata. Kasoro mbwa.
Yule mbwa wa chuma, mkunja uso, wa juu ya boneti.
Palibaki matundu mawili ya bolti.

Tulimkuta Manah, kwa mjane Bi Shinuna,
ameegeshwa mlango wa jikoni usijifunge,
pua imesuguka, unga wa ngano masikioni.
Tukataja bei. Tukaipandisha.
"Huyu haendi," alisema, Kiunguja chake hakijachuja.
"Lori lilinichukulia mume siku ishirini na moja kila mwezi.
Najifungua, yuko Fahud. Nazika, yuko Marmul.
Alipostaafu nikatoka usiku na spana, mimi mwenyewe,
nikamng'oa. Hii ndiyo rehani yangu,
na deni halijalipwa."
Tukanywa chai yake, tukaaga.

Ijumaa iliyofuata, Zarwali akawasha.
Kwanza kikohozi. Moshi mweusi, kisha wa buluu,
kisha sauti ile, ya chini, ya kifuani,
vikombe vikatetema kwenye sinia
na hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake machoni.

Ndipo ikasimama gari ya mjukuu.
Bi Shinuna akashuka, ana kitu kizito ndani ya kanga.
Zarwali akapindua ndoo ya grisi iwe ngazi.
Akapanda, akakaa kiti cha abiria,
mbwa mapajani, pua imechungulia.
"Miaka thelathini na mmoja ya ndoa," alisema,
"leo ndiyo nakaa humu."

Hilali spana tayari mkononi.

Muhenna akaendesha mpaka mwisho wa uwanja na kurudi.
Bi Shinuna alikuwa akisikiliza, kichwa upande.
"Gia ya pili inalia.
Ilikuwa ikilia hivyo hivyo pale kwenye kona,
nami nikajua niteleke chai."
Akatelemka polepole, kanga akaifunga upya,
akaondoka na mbwa wake.

Matundu yako pale pale.
Zarwali alitaka kuyaziba, tukamkatalia.
Mwisho wa mwezi akatuletea hesabu:
pampu, gasketi, mafuta, siku kumi na tisa za kazi,
na chini kabisa, kwa kalamu nyekundu,
matundu mawili: bure.