Gari Lililoitwa

Kila asubuhi nikiliwasha, gari hunisemesha:
sauti ya mwanamke, ya adabu, ya Kijapani,
maneno saba ama manane, kisha kimya.
Miaka minne nimemwitikia marahaba.

Tima, binti yangu, ndiye aliyemnasa kwa simu.
Baba, hakuamkii. Asema kadi haijatiwa,
kadi ya kulipia barabara za kwao.
Tukacheka hata chai ikamwagika.
Lakini watoto wa leo hawaliachi neno pale lilipoishia:
akaingiza namba ya chesisi, tarakimu kwa tarakimu,
na kicheko kikamkauka.

Gari limeitwa, baba.
Na nani?
Na waliolitengeneza. Lirudi, lifunguliwe usukani.

Kwetu Kuze, mtu akiitwa twatafuta sanda.
Sikujua chuma nacho huitwa,
tena kwa barua, mara tatu,
kwenye mlango wa mtu aliyekwisha kuliuza.
Barua ya tatu ilipofika kwake
mimi nilikuwa Kilindini, nalipigia mhuri.

Fundi Nyale wa Makupa alinieleza akiwa chali chini ya dashibodi,
miguu nje, mmoja hauna kiatu.
Ndani ya usukani mna mfuko, umekunjwa kama kanga ya dukani.
Nyuma yake kikopo cha chuma, na unga ulioshindiliwa.
Ukigonga, unga huwaka, mfuko hufura,
kifua chako kikaangukia mto.
Ndivyo walivyopanga.
Ila unga ule hunywa unyevu,
"na unyevu wetu waujua, chumvi haitoki kichupani
mpaka uitie punje za mchele."
Ukishashiba, hauwaki tena, hulipuka;
kikopo huwa vipande,
na kilichowekwa kikupokee
hukurushia visu.

"Nikutolee? Nipachike kifuniko kitupu.
Ukitaka kuuza, uza. Nani atajua?"

Sikumjibu. Nilikuwa nikifikiria daftari.

Miaka kumi na tisa natoa magari bandarini.
Meli iliyolileta langu ilishusha mengine kumi na saba ya aina ile,
namba zao zikifuatana kama watoto wa chuoni.
Mwandiko ni wangu: ushuru umelipwa, taa zawaka, breki zashika.
Kwenye safu ya kasoro nimepiga kistari,
kistari, kistari,
hadi chini ya ukurasa.

Jana baada ya isha nikaanza kupiga simu.
Bi Mbodze wa Mikindani alidhani ni matapeli,
akanitukana mimi na aliyenizaa.
Wa pili aliuza; mnunuzi yuko Voi, kama si Moshi.
Wa tatu hapatikani.
Wa nne, Mwidani, alisikiliza hadi mwisho.
"Sasa nisiliendeshe? Saa kumi alfajiri nina mikate ya kupeleka."
Nikamuuliza mwenye duka la magari, akasema kifaa hakijafika,
na kikifika, foleni ni ndefu.
Nikampigia tena Mwidani: basi kaa mbali na usukani,
kama mtu aogopaye mbwa.
Akacheka. Yeye ni mfupi, asema,
akikaa mbali miguu haifiki kwenye breki.

Wa tano ilipokewa na mwanamke.
Nikamtaja mumewe, nikaeleza gari, usukani, unga.
Hakulia. Hakunikatiza.
Aliuliza jambo moja tu, polepole:
"Hao walijua tangu lini?"
Tarehe nilikuwa nayo. Tima alikuwa ameiandika kwenye bahasha.
Niliisoma kwa sauti.
Akasema ahsante, akakata.

Zimebaki namba kumi na mbili.

Asubuhi nimelisogeza gari kidogo, kumpisha jirani,
mikono imenyooka, uso nimeugeuzia dirishani.
Mwanamke akasema kadi haijatiwa.
Najua, nikamwambia.
Sema lingine.