Kiungo

Kwa Kiswahili, nilimwambia, wewe ulikuwa kiungo.
Akauliza maana. Nikagusa goti lake, lile bovu:
hiki nacho ni kiungo.
Nikamwonyesha iliki na mdalasini ndani ya chai:
na hivi pia.
Kocha Dorinel Vlascu akacheka, mara ya kwanza tangu aje Jinja.
Basi nimekuwa vyote vitatu, akasema,
na vyote vitatu vimesagika.

Mimi ndiye mfua jezi. Kiswahili changu ni cha kambi,
nilikirithi kwa baba, koplo wa polisi, pamoja na buti zake.
Ndicho nilichomfundisha. Kwa hiyo alipowafokea vijana
ungedhani anakagua gwaride.

Alizaliwa Rumania, mji wa makaa ya mawe,
ambako theluji hulala nyeupe, ikaamka nyeusi.
Mpira wao wa Januari ulikuwa wa rangi ya chungwa
ili usipotee.
Miaka kumi na miwili alivaa namba nane.
Hakuna picha yake akifunga bao.
Ipo moja tu: ameinama, anamwonyesha mwenzake njia kwa kidole,
na mwenzake ndiye aliyeandikwa gazetini.

Kisha goti. Kisha ukocha.
Daraja la tatu, akafukuzwa. Saiprasi, akafukuzwa.
Khartoum hawakumfukuza,
vita vilimfukuza na waliomwajiri.
Kisha sisi, timu ya Masese,
ya kumi na nne kati ya kumi na sita,
mipira saba, miwili ya kupulizwa kila nusu saa.

Asubuhi makorongo yalitutangulia uwanjani,
yamesimama katikati kama wajumbe wa kamati.
Hakuyafukuza. Aliwaita vijana: tazameni,
haya hayakimbii, na hayalali njaa.
Balikowa, mtoto wa mkata miwa wa Kakira,
ambaye alikimbia kama mtu anayedaiwa,
akasimamishwa pale wiki nzima bila mpira,
kazi yake kugeuza shingo,
kushoto, kulia, kabla pasi haijafika.
Ikishafika umechelewa kutazama.
Wenzake wakambandika jina la Bundi.

Msimu wa kwanza tukamaliza wa tisa. Wa pili, wa tano.
Mshahara ulikuja ulipojisikia,
naye alikula kwa daftari pale kwa Nangobi,
matoke na mchuzi wa karanga,
samaki siku ya ushindi tu.
Wa tatu, wachezaji wanne wakauzwa.
Alisikia redioni, akinyoa ndevu.

Siku ya mwisho tulihitaji pointi moja tusishuke.
Dakika ya themanini na nane, moja kwa moja,
Balikowa akageuza shingo kushoto, akageuza kulia,
akapiga pasi safi, ya kupigiwa mfano,
pale pale alipozoea kusimama Ocen,
na Ocen alikuwa Kigali, na jezi nyingine.

Wao wakauokota. Unajua kilichofuata.

Vlascu alipiga makofi, peke yake, uwanja mzima kimya.
Pasi ilikuwa sahihi, aliniambia.
Uwanja ndio uliokosea.

Barua ilikuja Jumatatu, mistari minne,
Kwa Bw. Flasku.
Akaazima kalamu yangu, akasahihisha jina,
akairudisha ofisini kwa mkono wake:
nimefukuzwa sana, Tenywa, lakini kwa jina langu.

Asubuhi ya safari alivuka barabara akichechemea kuiendea teksi ya Entebbe.
Kushoto, kulia, kushoto tena.
Hapakuwa na gari.

Mfukoni nilikuwa nimemtilia iliki, punje chache,
nimezifunga kwa ukurasa wa michezo.
Huko uwanja wa ndege wakimwuliza amebeba nini,
neno analo.