Vinginevyo

Wete, saa nne usiku. Umeme umekatika, feni imesita,
kompyuta mpakato inaishi kwa betri yake,
na ghala la chini linanipandishia harufu
ya karafuu za watu elfu mbili mia tatu na kumi.

Kila mtu ni mstari:
jina, shehia, uzito, unyevu, makonyo.
Nami naliuliza jedwali kwa maneno makavu:
ikiwa unyevu haujapita kumi na mbili, daraja la kwanza;
ikiwa haujapita kumi na nne, la pili;
ikiwa haujapita kumi na sita, la tatu;
vinginevyo, chini ya daraja.
Mwisho.

Jana niliyapanga kinyume.
Kumi na sita ikakaa mlangoni,
ikawapokea wakavu kwa wabichi
(mashine ikishapata jibu la kwanza
haisikilizi tena),
na nusu ya Pemba ikalala daraja la tatu.
Mzee Mbarouk alicheka hadi akavua miwani:
"Umewafilisi watu kwa sharti moja!"

Leo nimepanga sawa. Lakini yuko mmoja,
Mkasi Faki Shaame, Mtambwe, magunia mawili,
kadondokea kwenye vinginevyo.

Nashuka na tochi. Nafungua gunia,
naibana karafuu kwa kucha: ta!
Kavu. Kichwa chake bado kipo.
Narudi kwenye safu ya unyevu: hakuna kitu.
Si sifuri. Sifuri ni jibu.
Hiki ni kimya. Kipimo kilizimika zamu yake ilipofika,
karani akaruka kisanduku, akaita mwingine.
Na kimya, ukikiuliza kama kimepita kumi na mbili,
hakisemi ndiyo, hakisemi siyo,
kinateremka ngazi zote hadi chini.

Mwalimu Salhina alitufunza viungo vitatu vya sharti:
-ki-, -nge-, -ngali-.
Mashine inajua kimoja: ukija, utapata.
Haijui kwamba angalipimwa asubuhi ile
angaliezeka banda kabla ya vuli.
Hiyo -ngali- ni yetu,
na tunailipa sisi.

Basi juu kabisa, kabla ya masharti yote,
naongeza mstari:
ikiwa unyevu haujulikani, apimwe upya.
Naendesha.

Watu arobaini na mmoja
wanapanda kutoka chini,
wanasimama pembeni, kila mmoja na gunia lake.

Nilidhani ni Mkasi tu.